Galoni za Mwagulanja

Mwagulanja
2 Juni, 1974

Mdogo wangu Eugenia,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa vumbi, na hii ni wiki ya tatu sijaonja ndizi. Hapa ni ugali na mlenda, kesho mlenda na ugali. Nikifikiri kwamba wewe hapo Pasiansi ukifungua mlango tu ziwa zima liko mbele yako, wivu unanishika. Kaoge mara mbili leo, moja kwa niaba yangu.

Kazi nimemaliza. Tumechimba futi mia mbili na kumi, kisha nikakipima kisima kwa kuvuta maji saa ishirini na nne bila kupumzika. Saa mbili za kwanza maji yalitoka kwa kishindo, galoni elfu moja na mia nne kwa saa. Kina mama wakapiga vigelegele, Katibu Kata akanikumbatia na kurudi kwake akiwa amelowa shati. Laiti angebaki. Kufikia saa ya tisa maji yalikuwa yanatoka kama mkojo wa mzee. Mwisho yalitulia kwenye galoni mia moja na arobaini, na hapo ndipo palipo ukweli wa kisima. Hizo za mwanzo ni maji yaliyokuwa yamelala kwenye nyufa za mwamba tangu enzi za mababu. Ukishayanywa, yamekwisha.

Serikali inataka kuleta hapa kaya mia nne na ishirini, kama watu elfu mbili na mia tano. Kwa galoni mia moja na arobaini, injini ikinguruma mchana kutwa, mtu hapati hata galoni moja. Nimeandika wazi: kisima hakitoshi, watu wasihamishiwe hapa.

Kuna jambo la pili. Watu wa hapa wana visima vyao kwenye mchanga wa mto mkavu. Kila kisima kina mwenyewe na uzio wa miiba. Mwenye kisima anachota wa kwanza asubuhi, majirani wanafuata kwa zamu, na jua likipanda anarudisha miiba ili kisima kipumzike. Hakuna anayebishana. Nilipokuwa navuta maji yangu, kisima cha bwana mmoja aitwaye Ndalahwa kilishuka shubiri mbili. Alikuja mbio akanishika kola: "Wewe Mhaya, mbona unaninywea maji yangu!" Nilitaka kucheka, lakini nilipokwenda kupima nikaona ana haki. Maji ya mtambo na ya mto ni chungu kimoja, sisi tumetoboa tu upande wa pili.

Maelezo yote nimeyaambatanisha. Yapige chapa kwenye zile karatasi tupu nilizotia sahihi kabla ya kuondoka, kama kawaida yetu, maana kusubiri nitie sahihi ni wiki mbili nyingine. Mimi nabaki hapa kufunga injini.

Nalala stoo ya shule. Mwalimu Teodora, Mkerewe, ndiye anayenipikia. Usianze maneno yako.

Kaka yako,
Cleophace Rutashobya


Pasiansi, Mwanza
11 Juni, 1974

Kaka Cleophace, shikamoo.

Barua yako dereva wetu Chenge aliniletea mkononi akiwa bado na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Tafadhali uendelee kumpa yeye kila anapokuja na Landrova. Usitumie posta. Sisemi kitu, nasema tu usitumie posta.

Maneno yangu sianzi, ila Mkerewe anayepika mlenda mpaka mtu akauandika kwenye barua, huyo namwombea mema.

Ripoti yako nimeipiga na kuipeleka. Usiwe na wasiwasi nayo.

Huku mambo si mazuri. Unamkumbuka Yunus, mpimaji mwenzako, aliyeandika kwamba kule alikopelekwa hakuna maji ya kijiji? Walimsimamisha mkutanoni wakasema anapinga Operesheni ya Vijiji. Wiki iliyofuata walikuja watu wawili wenye adabu sana wakamwomba awasindikize kidogo. Mpaka leo anasindikiza. Mkewe Mwaija anakuja ofisini kila asubuhi, anakaa kwenye benchi karibu na mlango wangu na kapu lenye nguo safi za mumewe, akiuliza apelekewe wapi. Hakuna anayemjibu. Nami nakunja shingo kwenye mashine yangu kama sijamwona, kaka. Naona aibu kukuandikia hivyo, lakini ndivyo ninavyofanya.

Mama ameandika kutoka Kanyigo. Miguu inamsumbua, anauliza lini utakwenda. Funga hiyo injini, urudi. Usibishane na mtu.

Mdogo wako,
Eugenia Kokushubira


Mwagulanja
30 Juni, 1974

Mdogo wangu,

Habari za Yunus zimeninyima usingizi. Ni mtu mwangalifu kuliko mimi. Akisema hakuna maji, hata chura asihangaike.

Lakini angalau ripoti yangu imefika mahali pake. Nangoja tu amri ya kusimamisha. Naona inachelewa, maana Katibu Kata ameanza kupima viwanja kwa kamba, na ametangaza kuwa malori yatakuja tarehe ishirini mwezi ujao. Nilimwuliza, "Ndugu Katibu, umepata taarifa ya maji?" Akanipiga bega akasema, "Wewe ndiye bingwa wetu." Sikumwelewa. Nadhani bado anaota lile shati lililolowa.

Mkuu wetu ameisoma? Amesema nini? Niandikie neno moja tu nilale.

Ndalahwa sasa tumekuwa marafiki. Amenifundisha kusoma mchanga wa mto: ukiukanyaga alfajiri ukafinyangika, maji yako mkono mmoja chini. Ameniuliza kama Serikali inajua habari za visima vyao. Nikamwambia inajua, nimeiandikia mimi mwenyewe. Alifurahi akanipa kuku.

Cleophace


Pasiansi
8 Julai, 1974

Kaka, shikamoo.

Mkuu ameisoma. Alisema vizuri, akaitia kwenye jalada la kwenda juu. Zaidi ya hapo sijui. Mimi ni mpiga chapa, siitwi kwenye vikao.

Kaka, ugua. Nakuomba ugua. Sema ni malaria, sema ni tumbo, mimi nitapata cheti kwa muuguzi ninayesali naye. Panda basi uje kabla ya tarehe ishirini. Injini ataifunga mwingine. Wewe kazi yako ilikuwa kupima na umeshapima, yatakayofuata yawe ya wenyewe.

Jana mtu nisiyemjua aliniuliza kama mimi ni ndugu wa Rutashobya wa visima. Nilisema ndiyo. Akatabasamu akasema, "Kaka yako anasifiwa." Nikarudi nyumbani nikajifungia nikasali rozari nzima, na hata sikujua ninachoomba.

Njoo, kaka.

Eugenia


Mwagulanja
28 Julai, 1974

Eugenia,

Malori yamekuja. Yalikuja tarehe ishirini kweli, kumi na moja, na mgambo juu. Waliokataa kupanda waliezuliwa nyumba wakiwa wanatazama. Watu wameshushwa kwenye viwanja vya kamba, na vyungu vyao, na kuku, na wagonjwa wao, wanajenga vibanda vya nyasi.

Halafu mgambo wakaenda mtoni. Ili watu wote wategemee kisima kipya cha Serikali, wamefukia visima vyote vya mchangani kwa udongo na miiba. Waliambiwa maji sasa ni ya umma, kisima cha mtu binafsi ni ubepari. Ndalahwa alisimama ukingoni. Aliniangalia mimi.

Siku hiyo ulifanyika mkutano. Katibu Kata akanipandisha jukwaani akanishika mkono juu. Akasema, "Mtaalamu wetu ameandika mwenyewe, galoni elfu moja na mia nne kila saa, usiku na mchana!" Alikuwa na nakala ya ripoti. Niliona sahihi yangu. Watu wakapiga makofi, Eugenia. Nami nikasimama pale nimefungwa mdomo na woga. Nilimfikiria Yunus. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja na siku hiyo nilisimama kama kisiki.

Injini tuliiwasha kesho yake. Kufikia saa tatu asubuhi ilikuwa inatema tope. Sasa foleni inaanza kabla ya jua na nusu ya watu wanarudi na ndoo tupu. Wenye nguvu wanakwenda kuchota kwenye lambo la ng'ombe.

Kuna mtu amebadilisha namba yangu. Nafikiri ni mkuu wetu. Nakuomba uangalie kwenye jalada, utafute maelezo niliyoandika kwa mkono. Daftari langu la kupimia ninalo, lakini bila hayo sina cha kuonyesha kwamba niliwaandikia. Ufanye kwa siri, usimwamini mtu hapo ofisini.

Cleophace


Pasiansi
4 Agosti, 1974

Kaka,

Hakuna cha kutafuta kwenye jalada. Ni mimi.

Siku Chenge alipoleta barua yako, Mwaija alikuwa kwenye benchi. Nilikuwa nimeshatia karatasi yako kwenye mashine, yenye sahihi yako chini, na nimefika kwenye galoni. Mkuu akapita na mgeni kutoka juu. Akamwona Mwaija, akasema kwa sauti ili nasi tusikie, "Wapimaji wengine wanatuandikia ripoti kwa kalamu ya adui." Mgeni akauliza, "Bado mnao wengi?" Mkuu akacheka. Walipoondoka nilitazama sahihi yako nikaona kapu la Mwaija kwenye magoti yangu mimi.

Nikaandika ile namba ya saa mbili za kwanza. Nikajiambia si uongo, ni yako mwenyewe, umeiandika kwa mkono wako. Niliacha tu mistari ya chini. Habari za mto niliacha zote. Maelezo yako nikaenda nayo nyumbani nikayatia motoni jikoni, chini ya sufuria ya chai.

Nilifikiri watachelewa. Mambo yote ya Serikali huchelewa, kaka! Nilifikiri mpaka malori yapatikane wewe utakuwa umeshahamishiwa kwingine, na mtu mwingine atagundua, na wewe utakuwa salama. Watu wa huko sikuwafikiria. Huo ndio ukweli. Nilikufikiria wewe tu.

Kila barua uliyoniandikia nilitaka kukwambia. Naogopa mkuu, naogopa wale wenye adabu, naogopa viatu vikipita nje ya dirisha, lakini zaidi nilikuogopa wewe.

Nifanye nini? Nitafanya utakalosema.

Eugenia


Mwagulanja
13 Agosti, 1974

Eugenia,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza, kama ungekuwa karibu, ningekuzaba kofi, mimi ambaye sijawahi kukuinulia mkono tangu unatambaa. Nina hasira na wewe. Nakwambia ili usije ukafikiri nimesamehe kwa sababu mimi ni mpole. Sijasamehe bado.

Juzi tumemzika mtoto wa Ndalahwa. Mwaka mmoja na nusu. Alihara siku tatu kwa maji ya lambo. Ni wa nne tangu malori yaje. Ndalahwa alinipa jembe nisaidie kufukia, hakunikataza. Ningependa angenikataza.

Sasa sikiliza. Ile karatasi nyeupe niliitia sahihi mimi. Hakuna aliyenishika mkono. Ni uvivu wetu wa miaka yote, na sote ofisini tuliuona ni ujanja. Kwa hiyo namba ni yangu. Wakikuuliza, ulipiga ulichoandikiwa, basi. Mama ana sisi wawili tu, na mmoja lazima abaki wa kumpelekea dawa.

Tumewaandikia wakubwa wa Wilaya mara mbili, mimi na Mwalimu. Hakuna jibu. Wiki hii nitafanya jambo. Sikwambii ni lipi ili usiwe na la kuficha.

Usiniandikie tena.

Cleophace


Shule ya Msingi Mwagulanja
24 Agosti, 1974

Dada Eugenia,

Hunijui kwa sura. Mimi ni Teodora, mwalimu ambaye kaka yako amekuwa akila kwangu. Nakuandikia kwa sababu yeye hawezi kuandika, na barua hii nampa Chenge.

Jumatatu asubuhi kaka yako alikwenda mtoni na koleo, peke yake, mbele ya watu wote, akaanza kufukua kisima cha Ndalahwa. Mgambo wawili walimwuliza ana ruhusa ya nani. Aliwajibu kwamba yeye ndiye mtaalamu wa maji na ndiye anayejua. Hakuacha kuchimba. Akaja Ndalahwa na jembe, wakaja na wengine, mpaka wakawa kama mia. Mgambo wakakimbilia kwa Katibu Kata.

Maji hayakupanda. Kaka yako akasema ni kwa sababu injini inavuta chungu hicho hicho. Akarudi kijijini, akaizima, akaukata mkanda wa kuendeshea pampu vipande vitatu kwa kisu. Siku ya tatu mchanga ulianza kulowa. Leo visima kumi na viwili vina maji, miiba imerudi, na wenyewe wanagawa kwa zamu kama zamani. Watoto wa darasa langu wameanza kuja wamenawa uso.

Alhamisi ilikuja gari kutoka mjini na watu wawili. Walikuwa na adabu. Walimwuliza habari za mkanda akakubali. Walimwuliza habari za ripoti, akasema namba aliandika mwenyewe, alitaka sifa. Nilikuwa dirishani nikasikia yote. Mmoja alimwambia kuharibu mali ya umma ni kosa moja, lakini kudanganya Serikali hadi watoto wafe ni kosa lingine, na kwa hilo hatatoka upesi. Aliitikia kwa kichwa. Alipita karibu yangu akiwa amefungwa mikono na alikuwa mweupe midomoni kwa hofu.

Dada, kabla hawajaja alinipa daftari lake la kazi, lile anamoandika kila saa wakati wa kupima. Mna saa zote ishirini na nne, kwa wino, na tarehe, na kushuka kwa kisima cha Ndalahwa. Anayejua kusoma ataona mara moja kwamba kaka yako hakumdanganya mtu. Aliniamuru nilichome. Nilimwuliza kwa nini, akasema, "Kuna mtu namlinda." Hakunitajia jina, nami si mtoto mdogo.

Sijalichoma. Limo ndani ya gunia la mahindi. Wale watu wamesema watarudi mwanzoni mwa mwezi ujao kukusanya maelezo ya wanakijiji, na mimi nitaulizwa. Sijui kusema uongo vizuri, na woga nilionao sijapata kuwa nao. Niambie nifanye nini nalo.

Mwenzako,
Teodora


Pasiansi
29 Agosti, 1974

Dada Teodora,

Usilichome.

Nililala nalo neno lako siku mbili, sikufichi. Nilijiambia Cleophace ameshaamua. Nilijiambia mama. Nilijiambia kwamba mwanamke akiingia mahabusu harudi alivyokuwa. Asubuhi hii nilifika ofisini nikakuta Mwaija kwenye benchi lake, na kwa mara ya kwanza nikakaa karibu naye. Nilimwambia nilichofanya, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Na daftari la mume wangu, unadhani nalo liko kwa mtu?"

Nimemwandikia mama kwamba dawa atapelekewa na binamu yetu. Mkuu nimemwachia barua mezani, kwa mkono wangu na sahihi yangu, na nimesema nani aliyepiga, nini kiliachwa, na maelezo yalichomwa wapi. Meno yananigongana ninapoandika haya. Nakwambia ili usishangae ukiniona.

Nakuja na basi la Jumatatu. Daftari unipe mkononi mbele ya watu, mchana, Ndalahwa akiwepo. Yeye naye ana haki ya kuniona. Kama wale watu wenye adabu watafika kabla yangu, wape chai wasiondoke. Waambie aliyeipiga ile ripoti yuko njiani.

Eugenia Kokushubira